Kwa nini fungu la nyanya hubaki 500 hata nyanya zikipanda bei

Kila msimu wa nyanya, wasikilizaji wetu wa vijijini hutuuliza swali moja kwa namna nyingi. Mkulima ameuza boksi lake kwa bei ya kuumiza. Jioni anampigia ndugu yake aliyeko Dar es Salaam, anaambiwa fungu la nyanya 4 ni shilingi 500. Anapiga hesabu ya vidole na kuona kwamba boksi lile lile, likifika mjini, linauzwa karibu mara tatu ya alicholipwa yeye. Anabaki anajiuliza nani amekula fedha yake.

Mara nyingi lawama humwangukia mtu wa mwisho, yaani mama wa genge au kijana anayesukuma toroli mtaani, kwa sababu ndiye anayeonekana na bei yake inasikika. Katika makala hii tunaeleza jinsi mchuuzi huyo anavyofikia bei yake, hatua kwa hatua. Tunatumia mfano wa nyanya zinazotoka Ilula, mkoani Iringa, kwenda Dar es Salaam, safari ya kilomita zaidi ya 400 ikipita Kitonga, Mikumi na Morogoro.

Namba za fedha tunazotumia ni za mfano wa hesabu, si bei ya soko ya leo. Ukitaka kujua hali yako, weka namba zako mahali pa zetu.

Boksi kabla halijafika gengeni

Tuseme mkulima amelipwa shilingi 12,000 kwa boksi moja la mbao lililojaa. Hapo safari ndiyo kwanza inaanza. Boksi tupu lenyewe limenunuliwa 1,500. Wapakiaji wamechukua 500. Nauli ya lori kwa kila boksi ni 4,000. Ushuru umekula 500. Dalali wa sokoni mjini anachukua 2,000 yake. Mfanyabiashara aliyefunga mzigo na kukesha nao barabarani anaweka 3,500, ambayo ni faida yake na pia kinga yake kama lori litaharibika njiani.

Jumlisha. Boksi lililotoka shambani kwa 12,000 linauzwa kwa wachuuzi kwa 24,000. Bei imeshakuwa mara mbili, na mama wa genge bado hajaligusa.

Saa 10 alfajiri sokoni

Wachuuzi wengi wa Dar es Salaam hufika kwenye masoko ya jumla, kama Ilala, kabla ya jua kuchomoza. Wanaowahi huchagua. Wanaochelewa hukuta mabaki, au hukuta bei imepanda kwa kuwa mzigo umepungua.

Hapo mchuuzi hana uwezo mkubwa wa kupanga bei. Anauliza boksi ni ngapi, anazunguka kwa madalali wawili watatu, anasikiliza magari mangapi yameingia usiku. Yakiingia mengi, bei inashuka. Likiharibika moja pale Mikumi, bei inapanda. Ndiyo maana unaweza kupata bei moja Jumatatu na nyingine kabisa Jumatano, ilhali shambani hakuna kilichobadilika.

Kitu kingine anachokifanya ni kutazama chini ya boksi. Anajua kwamba juu hupangwa nyanya kubwa zinazong'aa, na chini huweza kufichwa ndogo, mbichi au zilizopasuka. Akiruhusiwa, anaingiza mkono. Asiporuhusiwa, anadhani mabaya na kutaja bei ya chini. Tutalirudia jambo hili, kwa sababu linamhusu mkulima moja kwa moja.

Akishanunua 24,000, anaongeza gharama zake: mbebaji wa kutoa mzigo sokoni 1,000, nafasi kwenye bajaji au kirikuu 2,000, ushuru 500, na mifuko 500. Gharama hii ya mifuko imekuwa nzito zaidi tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku. Boksi sasa limemgharimu 28,000.

Kuchambua

Akifika gengeni hapangi nyanya kwanza. Anamimina boksi na kuchambua.

Tuseme zimo nyanya 360. Kati ya hizo, 30 zimeoza au zimepondeka kabisa, zinatupwa. Nyingine 60 zimelainika. Hizi mjini huitwa masalo, na wanunuzi wake wakubwa ni mama lishe na wauza chipsi wanaozipika siku hiyo hiyo. Zilizobaki, 270, ndizo nzuri.

Hesabu ya mchuuzi inaanzia hapa. Alinunua nyanya 360, lakini anazoweza kuziuza kwa bei kamili ni 270. Hizo 270 ndizo zitakazobeba gharama ya zile 30 alizotupa na pengo la zile 60 atakazouza kwa bei ndogo.

Bei inakaa kwenye sarafu

Sasa tufike kwenye siri ya fungu. Mteja wa gengeni hulipa kwa sarafu na noti ndogo: 100, 200, 500, 1,000. Mchuuzi hawezi kusema nyanya moja ni shilingi 127, hata kama hesabu yake inamwambia hivyo. Chenji yenyewe ni shida, na asubuhi mteja mmoja mwenye noti ya 10,000 anaweza kumaliza sarafu zote mezani.

Kwa hiyo mchuuzi huiacha bei ikae kwenye sarafu, na anachobadilisha ni idadi. Nyanya zikiwa nyingi sokoni, fungu la 500 linakuwa na nyanya 6 au 7. Zikiadimika, linakuwa na 3 au 2. Mteja anaendelea kusikia mia tano, na asipohesabu anaweza kudhani kwamba bei haijabadilika.

Hii ndiyo sababu swali la "fungu ni bei gani huko?" halimsaidii mkulima. Swali lenye maana ni "fungu la 500 lina nyanya ngapi, na za ukubwa gani?"

Nyanya moja inavyobeba faida

Turudi kwenye boksi letu lenye nyanya nzuri 270.

Mchuuzi akipanga nyanya 5 kwa fungu, anapata mafungu 54, yaani shilingi 27,000. Masalo 60 akiyauza 10 kwa 500, anapata 3,000. Jumla ni 30,000. Alitumia 28,000. Faida ni 2,000 tu.

Akipanga nyanya 4 kwa fungu, anapata mafungu 67, yaani 33,500. Ongeza 3,000 ya masalo, jumla inakuwa 36,500. Faida ni 8,500.

Tofauti kati ya mafungu hayo ni nyanya moja. Ndiyo maana ukimwomba mama wa genge akuongeze moja, anasita na kulitazama fungu kwanza. Lakini nyongeza ni sehemu ya biashara. Mteja wa kila siku asipoongezwa, kesho atahamia meza ya jirani. Tuseme amegawa nyongeza ya nyanya 20 mpaka boksi linaisha. Hizo ni mafungu 5, yaani 2,500. Faida inashuka hadi 6,000. Kama boksi limemchukua siku mbili kuisha, hiyo ni 3,000 kwa siku, na humo bado hajatoa chakula chake wala nauli ya kwenda na kurudi.

Basi fedha imeliwa na nani?

Boksi letu limeleta jumla ya shilingi 34,000. Mkulima amepata 12,000. Safari, dalali na mfanyabiashara wa jumla wamechukua 12,000. Gharama za mchuuzi ni 4,000, na faida yake ni 6,000.

Sasa tazama kitu ambacho hakionekani kwenye mgawo huo. Nyanya 30 zilizotupwa, kama zingeuzwa 4 kwa 500, zingeleta 3,750. Masalo 60 yaliuzwa shilingi 50 moja badala ya 125, kwa hiyo zimepotea 4,500. Jumla ya hasara ni 8,250.

Yaani katika mfano wetu, nyanya zilizooza na kulainika zimekula fedha nyingi kuliko faida ya mama wa genge. Fedha hiyo haikuingia mfukoni mwa mtu yeyote. Iliachwa kwenye boksi lililobanwa, kwenye jua na kwenye mashimo ya barabara.

Nyanya zikipanda, mbona fungu linakatwa ghafla?

Mvua zikikolea, magonjwa kama baka jani hushambulia nyanya, njia za kutoka shambani huharibika, na mzigo unapungua. Mdudu kantangaze naye, aliyeingia nchini miaka ya 2010, anaweza kumaliza shamba zima. Tuseme boksi sokoni limefika 48,000. Ukiongeza gharama za 4,000, mchuuzi ametumia 52,000.

Akipanga nyanya 3 kwa 500, mafungu 90 yanampa 45,000. Hata akiongeza 3,000 ya masalo, amepata hasara. Akipanga 2 kwa 500, mafungu 135 yanampa 67,500, pamoja na masalo 70,500. Kutoka kwenye hasara ya 4,000 anaruka hadi faida ya 18,500, na hapo katikati hakuna pa kusimama, kwa sababu nyanya mbili na nusu haziuziki.

Kwa mteja hilo linaonekana kama tamaa. Lakini bei ikiwa hivyo wanunuzi nao hupungua. Wengine hupikia nyanya ya kopo, wengine hununua moja tu. Boksi lililokuwa linaisha kwa siku mbili linakaa siku nne, na kila siku inayopita nyanya kadhaa zinahamia upande wa masalo. Ndiyo maana wachuuzi wengi huchanganya ukubwa: kubwa mbili na ndogo moja kwa 500. Ukiona fungu la namna hiyo, ujue mchuuzi anatafuta ile nusu isiyokuwepo.

Mboga za majani: saa ndiyo inayopanga bei

Nyanya inaweza kusubiri kesho. Mchicha hausubiri. Wachuuzi wengi wa mchicha, matembele na chainizi hununua kwa tuta moja kwa moja bustanini. Wanakubaliana bei ya tuta zima, wanachuma wenyewe, wanafunga mafungu na kuondoka. Hapa ujuzi ni wa macho: kulitazama tuta na kukadiria litatoa mafungu mangapi. Akikosea makadirio, hasara ni yake.

Lengo la asubuhi ni kurudisha mtaji. Mpaka mtaji urudi, bei ni ngumu na mafungu ni membamba. Mtaji ukisharudi, kila fungu linalobaki ni faida, na pia ni mzigo unaonyauka. Jua likipanda, ananyunyizia maji. Jioni unasikia mawili kwa bei ya moja. Ni mchicha ule ule na mchuuzi yule yule, ila muda umebadilika. Hana jokofu, na hata angekuwa nalo, mteja wa mchicha anataka uliochumwa leo.

Ukinunua jioni unapata nafuu, lakini unabahatisha. Siku mboga zinapokwisha mapema, hukuti kitu.

Meza 10, bei moja

Wasikilizaji wengine huuliza kama wachuuzi hukaa kikao na kukubaliana bei. Kwa kawaida hakuna haja ya kikao. Wamenunua soko moja, usiku mmoja, wamepanda kirikuu kimoja. Kila mmoja anajua jirani yake amelipa ngapi. Anayepanga fungu nono kuliko wenzake anasemwa kwamba anaharibu biashara, na anayebana sana anakimbiwa na wateja.

Ushindani upo, ila umejificha kwenye nyongeza, kwenye kauli nzuri, kwenye kukatiwa mboga na kumenyewa kitunguu saumu, na kwenye daftari la mkopo. Nyumba nyingi mjini hula kwa mkopo wa genge mshahara unapokuwa umekata. Mama wa genge anajua si wote watakaolipa, na hatari hiyo nayo imo ndani ya fungu.

Eneo nalo linahesabika. Penye wapangaji wanaonunua mboga ya siku moja, utakuta mafungu ya 200 au nyanya moja moja. Fungu la nyanya 4 kwa 500 ni sawa na 125 kwa nyanya moja. Akiuza moja moja hawezi kusema 125, anasema 150 au 200. Ndiyo maana mwenye fedha kidogo, anayenunua kidogo kidogo, huishia kulipa zaidi kwa kila nyanya. Na mwaka 2021 wamachinga katika miji mingi walipoondolewa kandokando ya barabara na kupelekwa maeneo yaliyotengwa, wengi walikuwa wakiwaacha wapita njia waliokuwa wakinunua mafungu ya jioni.

Siku ya marejesho

Kuna bei ambayo haitokani na soko wala msimu. Wachuuzi wengi huendesha mtaji wa kukopa, iwe kwenye VICOBA, kwenye mchezo wa kupeana fedha, au kwenye mikopo ya riba kubwa ambayo wananchi wameipa jina la kausha damu. Siku ya marejesho ikifika na mauzo hayajatosha, mchuuzi hushusha bei hata chini ya mtaji ili apate fedha taslimu. Mteja anafurahia fungu nono. Kesho yake mtaji umepungua, ananunua nusu boksi, na faida yake inakuwa nyembamba zaidi.

Mkulima afanye nini na maelezo haya?

Kwanza, usiuze kwa kusikia bei ya fungu. Mpigie mtu wako mjini umuulize mambo matatu: boksi limeingia sokoni kwa ngapi alfajiri ya leo, fungu la 500 lina nyanya ngapi, na wiki iliyopita lilikuwa na ngapi. Kama fungu limetoka nyanya 5 hadi 3, mzigo umeadimika, na hapo una hoja ya kumwambia mnunuzi aliyesimama shambani kwako.

Pili, punguza nyanya za kutupwa. Chuma asubuhi au jioni, jua likiwa limepoa. Za kwenda mbali chuma zikianza kubadilika rangi, usisubiri ziive kabisa. Weka boksi kivulini. Usilijaze mpaka mbao zinapigwa kwa nguvu juu ya nyanya. Katika mfano wetu, kama zinazooza zingekuwa 15 badala ya 30, na masalo 30 badala ya 60, mchuuzi anayegawa nyongeza ile ile angepata 38,000 badala ya 34,000. Shilingi 4,000 zimeongezeka bila mteja kulipa hata senti zaidi.

Tatu, usifiche mbovu chini. Mchuuzi aliyekutana na chini mbaya mara mbili hukata bei ya kila boksi linalotoka njia hiyo, hata la jirani yako aliyepanga kwa uaminifu. Boksi lililo sawa juu na chini hukumbukwa, na dalali anajua simu ya nani apige kesho.

Nne, ungana na wenzako. Mwenye boksi 10 hupokea bei anayotajiwa. Wakulima wanaojaza lori moja kwa pamoja wanaweza kupatana nauli, na hata kumtuma mmoja wao aende na mzigo mpaka sokoni, auone ukiuzwa na arudi na bei halisi.

Kwa wanaolima vitunguu, viazi au kabichi, kumbuka pia kwamba lumbesa imekatazwa na Sheria ya Vipimo, na Wakala wa Vipimo ndio wenye jukumu la kuisimamia. Kile kilemba kinachoongezwa juu ya gunia ni mazao yako yanayoondoka bila kulipiwa.

Msimu huu hesabu zako ziandike: umeuza boksi ngapi, kwa bei gani, siku gani, na siku hiyo fungu mjini lilikuwa na nyanya ngapi. Daftari la miezi mitatu litakuonyesha ni wiki zipi mzigo hujaa na zipi huadimika, na mwakani utajua lini usie mbegu.